Shajara ya mradi: Pembe, Bunduki, Karatasi

Mradi huu ni wa vitabu vitatu vidogo vya historia, kwa Kiswahili, kwa wanafunzi wa P5 hadi P7 (darasa la tano hadi la saba la shule ya msingi) nchini Uganda. Mada ni tamaa ya mali na tamaa ya utawala katika karne ya 19, tangu miaka ya 1840 hadi 1900, katika nchi ambazo leo zimo ndani ya Uganda. Kila kitabu ni cha ukubwa wa A5, kurasa 32 bila kuhesabu jalada. Tangu Baraza la Mawaziri lipitishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022 na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni, vitabu vya sarufi vimeongezeka. Vya kusoma tu, vyenye hadithi ya kweli ndani yake, bado ni vichache.

Januari: mpango

Rasimu za vitabu vya aina hii huanza na orodha ya watu: Mutesa na Mwanga, wafalme wa Buganda; Kabalega, mfalme wa Bunyoro; na Wazungu Baker, Stanley, Lugard. Tumeiacha njia hiyo. Mtoto wa miaka 11 akipewa orodha ya watu kwenye kitabu cha tamaa, atatafuta nani mbaya, na akishampata hasomi tena kwa makini. Tamaa inakuwa tabia ya mtu mmoja, basi. Lakini mfanyabiashara wa pembe aliyekuwa mpole nyumbani kwake alichoma vijiji sawasawa na aliyekuwa mkali, kwa sababu hesabu ya biashara yenyewe ilidai hivyo. Hesabu hiyo ndiyo tunayotaka mtoto aione.

Kwa hiyo kila kitabu kinafuata kitu kimoja kinavyopita mikononi mwa watu: cha kwanza pembe ya ndovu, cha pili bunduki, cha tatu karatasi ya mkataba. Kurasa 32 zinatoa jozi 15 za kurasa zinazotazamana, na ukurasa wa kwanza na wa mwisho zinabaki peke yake. Jozi 12 ni za masimulizi, moja ni ya ramani, moja ya maswali, moja ya msamiati.

Februari: Pembe

Hiki ndicho kitabu chenye mengi, na ndicho kilichokula muda.

Njia za pembe zilikuwa mbili. Ya kusini ilitoka Buganda, ikapita Karagwe hadi Tabora, kisha Bagamoyo na Zanzibar. Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka (mfalme wa Buganda) Suna II mwaka 1844, na ndiye mfanyabiashara wa kwanza kutoka pwani anayejulikana kufika huko. Njia ya kaskazini ilifuata Mto Nile hadi Khartoum. Mtoto asipoziona zote mbili kwenye ramani moja, hataelewa kwa nini Bunyoro, iliyokaa katikati, ilibanwa pande zote.

Kipimo kwanza. Pembe ilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35, takriban kilo 16. Mtoto wa Uganda anaujua mfuko wa posho (unga wa mahindi) wa kilo 50, nao ni frasila 3 na kidogo. Jino la kilo 32 ni frasila 2, mzigo kamili wa mpagazi mmoja. Lililozidi hapo lilifungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili kwa mzegazega. Mchoraji aonyeshe jambo hilo, asichore mtu mmoja mwembamba ameshika jino kubwa kuliko yeye kama kijiti.

Kisha hesabu ya safari. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 700. Msafara wenye mizigo ukienda kilomita 15 kwa siku unatembea siku 47 au zaidi, bado siku za kupumzika, za wagonjwa, na za kungoja ruhusa ya kupita. Chakula cha njiani kilinunuliwa kwa kitambaa cha merikani na shanga, na kila mtawala mwenye njia alidai hongo yake, yaani ushuru wa kupita. Jozi hii ya kurasa inauliza swali moja tu: ni nani anayelipa gharama hizi zote? Jibu liko kwenye ukurasa unaofuata. Wafanyabiashara wengi walisafiri kwa mali ya mkopo. Matajiri wa Zanzibar, kama Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, walitoa bidhaa na kungoja pembe. Mwenye deni hawezi kurudi pwani mikono mitupu. Pembe zikipungua sehemu moja, anasonga mbele, na asipouziwa kwa hiari anatumia bunduki. Watoto wanajua deni ni nini, hata wa P5. Hapa maelezo marefu hayahitajiki.

Njia ya kaskazini inaonyeshwa kwa mchoro wa duara, si kwa aya, maana ni mambo manne yanayozunguka:

Wafanyabiashara wa Khartoum, ambao Waacholi waliwaita Kutoria, walifanya urafiki na kijiji kimoja. Kwa msaada wa kijiji hicho walishambulia kijiji cha pili na kuchukua ng'ombe na watu. Ng'ombe walibadilishwa kwa pembe. Watu waliotekwa waligawiwa askari kuwa mshahara au wakauzwa. Msimu uliofuata kijiji kilichokuwa rafiki nacho kilikuwa na maadui wapya, kikahitaji bunduki za Kutoria zaidi, na duara likaanza tena.

Angalieni kwamba ndani ya duara hili mfanyabiashara karibu hanunui kitu kwa mali yake mwenyewe. Anabadilisha mali ya watu kwa mali ya watu. Mwanafunzi akiliona hilo peke yake, kabla mwalimu hajamwambia, kitabu kimefanya kazi yake. Kwa hiyo mishale ya duara haina maneno zaidi ya matatu kila mmoja.

Mwisho wa kitabu pembe inafika Marekani, katika miji ya Deep River na Ivoryton jimboni Connecticut, ikakatwa vibao vyembamba vya kinanda. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa ulaini wake, haikupasuka upesi. Nyingine ikawa mipira ya biliadi. Kitambaa cha merikani nacho kilitoka nchi hiyohiyo, ndiyo maana kikaitwa hivyo. Tumeamua kutobadili bei za zamani kuwa shilingi za leo. Ukiandika kwamba jino lilikuwa na thamani ya shilingi milioni kadhaa, mtoto anakumbuka hizo milioni na kusahau yote mengine, na hesabu yenyewe huwa ya kubahatisha.

Mwishoni mwa Februari: nani alitenda?

Kanuni hii inahusu vitabu vyote vitatu. Sentensi za "watu walichukuliwa", "pembe zilikusanywa", "nchi ikawekwa chini ya ulinzi" zimejaa katika vitabu vya historia, na katika kitabu cha tamaa ni sumu, kwa sababu mtenda anafichwa. Mhariri anapitia rasimu akiwa na kalamu nyekundu na kupigia mstari kila kitenzi cha kutendwa. Kila kimoja lazima kijibu: nani? Kama mtenda anajulikana, sentensi inageuzwa: "Askari wa Baker walichoma nyumba za Masindi." Vinavyobaki ni vichache, hasa "alizaliwa" na "alizikwa".

Machi: Bunduki

Kitabu kinaanza mwaka 1862, msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa Mutesa na kumpa bunduki miongoni mwa zawadi, kikaishia 1899. Kiini chake ni Bunyoro.

Samuel Baker alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa msafiri aliyetafuta ziwa, na Machi 1864 alilifikia Mwitanzige akaliita Albert. Katika maandishi yake alimweleza Mukama (mfalme wa Bunyoro) Kamurasi kuwa mtu mwenye uroho usio na kikomo, anayeomba saa, bunduki, hata mke wa mgeni. Baadaye Baker mwenyewe aligundua kwamba aliyekuwa akimtembelea na kumwomba hivyo hakuwa Kamurasi. Alikuwa ndugu yake, aliyetumwa kujifanya mfalme kwa sababu Kamurasi hakuwaamini wageni. Tumelipa jambo hili jozi nzima ya kurasa. Hakuna zoezi bora la kumfundisha mtoto kuuliza "nani anasema hivyo, na alijuaje?"

Mara ya pili Baker alikuja na jeshi, ameajiriwa na Khedive (mtawala) Ismail wa Misri kwa pauni 10,000 kwa mwaka. Kazi yake ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa na kuongeza nchi kwenye milki ya Misri. Malengo haya mawili yaandikwe pamoja katika sentensi moja. Vitabu vinavyoandika la kwanza tu vinamfanya mkombozi, na vinavyoandika la pili tu haviwezi kueleza kwa nini alipigana na wafanyabiashara wa Khartoum na kuiteka ngome yao ya Patiko, ambayo mawe yake yapo hadi leo kaskazini mwa Gulu. Tarehe 14 Mei 1872 alitangaza pale Masindi kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Kabalega, Mukama mpya, alikuwa amekaa kwenye kiti cha ufalme kwa muda mfupi tu. Mwezi wa Juni wakapigana, Baker akachoma mji na kurudi nyuma kaskazini. Anadai kwamba pombe aliyoletewa ilikuwa na sumu. Tumeliandika kama dai lake, kwa maneno "Baker aliandika kwamba", na swali la kurasa za mwisho linauliza ni nani mwingine angeweza kulisimulia tukio hilo.

Makosa ambayo wachoraji hufanya kwenye sura hii yanajirudia, kwa hiyo tunayaandika hapa:

Bendera. Baker ni Mwingereza, basi mchoraji anampandishia bendera ya Uingereza. Siyo. Bendera iliyopandishwa Masindi ilikuwa ya Misri ya wakati huo, nyekundu yenye mwezi mwandamo. Ya Uingereza ilipandishwa Kampala na Sir Gerald Portal tarehe 1 Aprili 1893, baada ya kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki kujiondoa.

Bunduki. Walinzi wa Baker walikuwa na Snider, ambazo hutiwa risasi kwa nyuma. Bunduki nyingi zilizoingia kwa biashara zilikuwa magobori: baruti na risasi vinashindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, kazi inayochukua nusu dakika hivi kwa mtu aliyezoea. Ukichora bunduki za kisasa zenye magazini, hoja nzima ya kitabu inaanguka, maana hoja ni kwamba kila aina mpya ya bunduki ilifanya ile ya zamani kuwa kuni. Bunduki ya Maxim, ya kufyatua mfululizo, haiwezi kuonekana kabla ya 1884, mwaka ilipobuniwa. Lugard, mtumishi wa kampuni hiyo ya Uingereza, alikuwa nayo katika vita vya Mengo, makao ya Kabaka, tarehe 24 Januari 1892.

Mavazi. Nguo ya gome kwa wengi, merikani na kanzu kwa wakuu wa kasri. Suruali na mashati ya watu wa kijijini hayana nafasi.

Jambo gumu zaidi katika kitabu hiki ni Kabalega mwenyewe. Ni shujaa wa Bunyoro na wa Uganda nzima, na alipinga uvamizi hadi alipokamatwa Lango pamoja na Mwanga tarehe 9 Aprili 1899. Lakini pia alijenga jeshi la kudumu, Abarusura, akaitwaa tena Tooro iliyokuwa imejitenga tangu enzi za baba wa babu yake, na askari wake waliishi kwa kuteka. Mukama alikuwa na haki ya jino moja la kila ndovu aliyeuawa nchini mwake, na jino hilo lilinunua bunduki. Yote mawili yamo kitabuni. Kumwondolea tamaa ni kumwondolea akili, kana kwamba Mwafrika wa karne ya 19 aliweza tu kutendwa, asiweze kupanga.

Aprili: picha za watumwa

Fupi. Hakuna damu, hakuna mtoto aliyefungwa minyororo akitazama msomaji. Tunachora kilichobaki: ghala lililo wazi, jiko lenye majivu, njia iliyokanyagwa. Mti wenye panda, ambao watumwa walifungwa nao shingoni, unachorwa peke yake, pamoja na maelezo ya urefu na uzito wake. Mwalimu wa P7 anaweza kuongeza, wa P5 hana haja.

Mei: Karatasi

Miaka ya kitabu cha tatu ni kumi na moja tu, 1888 hadi 1899, lakini majina ni mengi mno. Tumeyapunguza hadi saba, na kila jina linaingia na sanduku dogo lenye mistari miwili: alitaka nini, alipata nini.

Mwanga: alitaka kurudi na kubaki kwenye kiti cha ufalme alichonyang'anywa 1888. Charles Stokes: alikuja na wamisionari, akaacha umisionari akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki, akamsaidia Mwanga kurudi, alinyongwa na ofisa wa Kongo ya Mfalme Leopold mwaka 1895. Carl Peters: alitaka Buganda iwe ya Ujerumani, akapata saini ya Mwanga mwishoni mwa Februari 1890. William Mackinnon: tajiri wa meli aliyeongoza kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme 1888. Lugard: mtumishi wa kampuni hiyo, alifika Kampala tarehe 18 Desemba 1890 na kupata saini tarehe 26. Kasagama wa Tooro: alirudishwa na Lugard mwaka 1891. Wa saba ni Kabalega.

Mwanga alitia saini karatasi mbili za pande mbili zinazoshindana ndani ya miezi kumi. Rasimu nyingi humcheka kwa hilo. Sisi tunaweka ukurasa wa ramani ya Ulaya hapo. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi hizi kwa mkataba mmoja, na Ujerumani ikapewa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita za mraba 2. Karatasi ya Peters ilikufa siku hiyo bila Mwanga kuulizwa, na alipokaa na Lugard mwezi wa Desemba jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa kwingine. Ili mtoto aupate uwiano, Heligoland inachorwa kwa kipimo kilekile cha Buganda, na kwenye ramani inakuwa nukta isiyoonekana bila mshale.

Mwisho wa kitabu ni bei ya kampuni kushindwa. Kampuni ilikuwa ya kuleta faida, faida haikuja, ikaondoka mwaka 1893, na serikali ikachukua mahali pake. Ulinzi wa Uingereza juu ya Buganda ulitangazwa Juni 1894. Mwanga alifia Ushelisheli 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi 1923, akafia Jinja kabla ya kufika kwao, akazikwa Mparo, Hoima.

Juni: ramani na mstari wa miaka

Mpaka wa Uganda wa leo hauchorwi kwenye ramani za 1860. Unachorwa kwenye ramani ya mwisho tu, kwa nukta nukta. Falme hazipewi mistari ya mipaka bali rangi inayofifia pembeni, kwa sababu mamlaka nayo yalififia hivyo. Maziwa yana jina la wenyeji kwanza, Nalubaale na Mwitanzige, na jina la sasa kwa herufi ndogo chini yake. Maporomoko ya Ripon yana alama ya pekee, kwani tangu bwawa la Owen Falls la 1954 hayaonekani tena.

Chini ya kila jozi ya kurasa kuna mstari wa miaka. Upana wa A5 ni milimita 148. Ukiacha pambizo ya 14 kila upande zinabaki 120, yaani milimita 2 kwa kila mwaka kuanzia 1840 hadi 1900. Kipimo hakibadiliki katika vitabu vyote vitatu, hivyo mtoto anaweza kuvilaza mezani na kulinganisha kwa rula.

Julai: lugha

Kwa wasomaji hawa Kiswahili mara nyingi ni lugha ya tatu. Maneno 120 kwa jozi ya kurasa, sentensi za maneno 8 hadi 12, maneno mapya yasizidi 6, na maana yake iwe pembeni ya ukurasa uleule. Msamiati wa mwisho ni wa mwalimu, mtoto hafungui nyuma. Virejeshi vinavyorundikana ndivyo vinavyomkwamisha: "bunduki alizoletewa na wafanyabiashara waliotumwa" inavunjwa kuwa sentensi mbili. Herufi ni pointi 14.

Majina ya watu yana tahajia moja tu. Kabalega, si Kabarega katika ukurasa mmoja na Kabalega katika mwingine. Orodha ya majina inabandikwa ukutani mbele ya mpangaji kurasa, kwa sababu programu ya kusahihisha tahajia hubadilisha majina hayo kimyakimya.

Agosti: uchapaji

Ofseti kwenye karatasi ya SRA3, iliyo kubwa kidogo kuliko A3. Karatasi moja hubeba kurasa 4 za A5 kila upande, 8 kwa jumla, kwa hiyo kitabu cha kurasa 32 kinakula karatasi 4. Majalada mawili yanatoka kwenye karatasi moja. Kwa nakala 1,000 ni karatasi 4,000 za ndani na 500 za jalada, ongeza asilimia 5 ya zinazoharibika wakati wa kurekebisha mashine. Ndani ni bondi ya gramu 100. Ya gramu 70 ni nafuu lakini picha za nyuma huonekana mbele. Jalada ni gramu 250.

Bei kubwa iko kwenye sahani za chapa. Rangi nne ndani zinadai sahani 32 (karatasi 4, pande 2, rangi 4). Tumetumia wino mbili, nyeusi na kahawia, zikawa 16. Jalada lina rangi nne nje na ndani, sahani 8, na ramani kubwa imewekwa ndani ya jalada ili ipate rangi. Hasara ya kahawia ni bendera: nyekundu haipo ndani, kwa hiyo kila bendera ina maelezo ubavuni.

Anayepeleka kazi Nasser Road, mtaa wa wachapaji mjini Kampala, akague haya kabla ya kuidhinisha prufu (nakala ya majaribio):

Maandishi yawe nyeusi peke yake, yasiwe mchanganyiko wa wino. Karatasi ikicheza kidogo mashinani, herufi zenye wino mbili hutoa kivuli na mtoto anaona mawili mawili. Picha ziongezwe mwanga, maana bondi hunyonya wino na nukta hutanuka. Kahawia ya nguo ya gome ikija nzito inakuwa tope. Kwenye jalada, bluu ya ziwa hugeuka zambarau: punguza majenta.

Nyuzi za karatasi zielekee sambamba na mgongo wa kitabu. Zikikatiza, kurasa hujipinda wakati wa mvua na jalada hupasuka kwenye mkunjo. Jalada la gramu 250 lazima lipigwe mstari wa mkunjo kabla ya kukunjwa. Kurasa za katikati husukumwa nje karibu milimita 1 kwa unene wa karatasi zilizokunjwa, kwa hiyo namba za kurasa zikae milimita 10 au zaidi kutoka ukingoni, la sivyo kisu kinazila. Pini mbili, kila moja sentimita 5 kutoka mwisho. Zikikaribiana katikati, kurasa za kati huchanika juu na chini kabla muhula haujaisha.

Septemba: kinachoendelea

Mwongozo wa mwalimu, kurasa 16, unaandikwa sasa. Una majibu ya hesabu za frasila, na kwa maswali yasiyo na jibu moja unatoa pande mbili za ushahidi bila kumchagulia mwalimu. Kitabu cha nne, cha Mkataba wa tarehe 10 Machi 1900 kati ya Uingereza na Buganda na ugawaji wa ardhi kwa maili za mraba, kimependekezwa. Kitaanza na kamba ya kupimia ardhi, na hesabu zake zitahitaji karatasi ya miraba.